Kushindwa na Bosi wa Samaki katika Darius: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Darius, mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1986, humpa mchezaji chombo kiitwacho Silver Hawk, humpitisha katika kanda zilizojaa maadui, na mwishoni mwa kila kanda humkutanisha na bosi, yaani adui mkuu wa kanda hiyo: manowari kubwa yenye umbo la kiumbe wa baharini. King'ora hulia, maandishi ya onyo hutangaza kwamba manowari fulani inakaribia kwa kasi, na kufikia hapo wachezaji wengi huwa wameshashindwa, ila hawajaarifiwa tu.

Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili, kwa sababu mtu anayeshindwa huja na malalamiko. Chanzo huwa hakijui. Nimeona mara nyingi kwamba kifo hutokea mbele ya bosi ilhali sababu yake ilitangulia king'ora, ama katika kanda iliyopita, ama katika vitufe na skrini ya mchezaji mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha chochote, cheza pambano moja kwa nia ya kulitazama tu, kisha ujiulize mambo matatu: ulikuwa upande gani wa skrini ulipokufa, silaha yako ilikuwa ya ngazi ipi, na ngao yako iliisha lini. Swali la tatu ndilo linalowashinda wengi kujibu, na mara nyingi jibu lake ndilo jibu la tatizo lote.

Dalili: unampiga bosi kwa muda mrefu, lakini hafi

Malalamiko haya ndiyo yanayosikika zaidi, nayo yana vyanzo vinne ambavyo havifanani.

Chanzo cha kwanza ni mahali unapopiga. Mabosi wa mfululizo huu wamevikwa magamba na mabamba, na risasi inayogonga gamba gumu hupotea bure hata kama macho yanaona imefika. Mpige bosi sehemu moja kwa sekunde chache, kisha uhamie nyingine, huku ukitazama kama sehemu hiyo inamulika au kubadilika rangi, na ukisikiliza kama mlio wa risasi unatofautiana. Mahali pasipoonyesha mabadiliko yoyote, usipapotezee muda. Kwa bosi yeyote mgeni, anza na mdomo, macho, na kila tundu linalotoa risasi, kwa kuwa waundaji wa michezo hii hupenda kuweka udhaifu pale pale hatari inapotokea. Mpango wao huo una maana: anayetaka kuumiza lazima akae mahali anapoweza kuumizwa.

Chanzo cha pili ni umbali, na hiki kinahitaji maelezo, kwa sababu hakionekani kwa macho. Mashine za zama hizo ziliweka kikomo cha idadi ya risasi za mchezaji zinazoweza kuwapo kwenye skrini kwa wakati mmoja. Kikomo kikishafikiwa, kitufe hakitoi kitu hadi risasi mojawapo igonge adui au itoke nje ya picha. Sasa fikiria Darius, ambayo kabati lake, yaani mashine yake ya kuchezea kumbini, lilikuwa na skrini tatu zilizopangwa kando kwa kando na kuunganishwa kwa kioo ili zionekane kama moja, zikatoa picha yenye upana wa nukta 864 na kimo cha nukta 224 tu. Mchezaji anayejificha kushoto kabisa na kupiga kulia analazimika kusubiri kila kombora livuke uwanja huo mrefu kabla nafasi yake haijaachiliwa. Akisogea karibu na bosi, kombora linagonga mara linapotoka, nafasi inarudi papo hapo, na kitufe kile kile, kwa kidole kile kile, kinafyatua mara nyingi zaidi. Ili uthibitishe, simama mbali na bosi wa kwanza ukisikiliza mdundo wa risasi, kisha ukaribie taratibu bila kuacha kufyatua. Utasikia mdundo ukikazana. Woga wa kukaa mbali, kwa hiyo, unalipiwa kwa pambano refu, na pambano refu ndilo lenye vifo vingi.

Hii haimaanishi ubanane na bosi muda wote. Karibu na mdomo kuna nafasi ambayo ni yako kwa sekunde mbili au tatu kati ya shambulio moja na jingine. Ingia, mimina risasi, rudi nyuma kidogo shambulio linapoanza, kisha uingie tena. Anayekaa umbali mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, uwe wa karibu au wa mbali, hachezi vizuri.

Chanzo cha tatu ni aina ya silaha. Katika Darius ya kwanza, matufe mekundu yanayoachwa na maadui wa rangi maalumu huongeza nguvu ya risasi za mbele, nazo hupanda kutoka kombora kwenda leza, na kutoka leza kwenda wimbi. Wimbi ni pana na halizuiwi na miamba. Leza ni nyembamba, kwa hiyo mchezaji aliyezoea kombora hushangaa kwamba amepanda ngazi lakini bosi anaonekana mgumu kuliko jana. Silaha yenyewe haijaharibika. Ulengaji wa takribani uliokuwa ukisamehewa ndio usiosamehewa tena. Ukiwa katika ngazi ya leza, linganisha pua ya chombo na sehemu dhaifu ya bosi kwa usahihi, na upande au ushuke pamoja naye badala ya kuyumbayumba juu na chini ukitumaini kumgusa.

Chanzo cha nne ni kidogo lakini kinaaibisha: kusahau mabomu. Darius ya kwanza ina vitufe viwili, kimoja cha risasi za mbele na kingine cha mabomu, na mchezaji aliyeshika kimoja tu amewaachia maadui sehemu kubwa ya silaha alizozipata kwa jasho. Ikiwa vidole havikubali kufanya kazi mbili kwa pamoja, panga vitufe ili kimoja kifyatue vyote viwili, mradi toleo unalochezea linaruhusu.

Dalili: unakufa sekunde chache tu baada ya onyo

Hapa usimchunguze bosi, chunguza hali uliyofika nayo. Matufe ya buluu ndiyo yanayojenga ngao, na ngao hiyo hupunguzwa na kila kosa dogo lililotokea ndani ya kanda: mwamba uliouparuza ukikimbilia tufe, risasi moja uliyoipuuza kwa kuwa ngao ilikuwapo. Mchezaji hukumbuka kwamba alikuwa na ngao, lakini hakumbuki kwamba iliisha muda mfupi kabla ya king'ora. Rudia kanda hiyo ukihesabu kila mguso kwa sauti. Ndiyo, kwa sauti. Jambo hili huonekana la kitoto hadi unapogundua kwamba umegongwa mara nne mahali ambapo ungeapa hukugongwa kabisa.

Sababu nyingine ya kifo cha mapema ni mahali pa kusimama. Mabosi wengi huingia kutoka kulia wakiwa wakubwa kuliko nafasi uliyowaachia, na anayekimbilia tufe la mwisho upande huo hukuta chombo chake kimegeuka chakula. Mara king'ora kinapolia, acha kila kitu, hata tufe ulilolililia, urudi nyuma kiasi cha theluthi moja kutoka ukingo wa kushoto, katikati ya kimo cha picha. Kutoka hapo unaweza kwenda juu au chini kwa usawa baada ya kuliona shambulio la kwanza.

Bosi wa kwanza, King Fossil, ndiye mwalimu mzuri wa adabu hiyo. Umbo lake ni la silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini alitoweka pamoja na dinosauria hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na jina lake la mabaki ya kale linatokana na habari hiyo. Kwa kuwa utakutana naye katika kila jaribio, mtumie kama kipimo. Siku unayoanza kumshinda bila kupoteza ngao yoyote, ujue umepata msingi. Siku anayokuua, acha kulaumu mabosi wa mbele.

Dalili: hukuona kilichokuua

Mchezaji husema, "Sikuona risasi yoyote," na husema kweli. Kwa kawaida macho yake yalikuwa yamemganda bosi, ambaye ni mkubwa, mwenye rangi, na anayechezesha mapezi, ilhali kitu pekee kinachoweza kufa upande wako ni chombo chako. Zoea kutazama eneo lililo mbele kidogo ya chombo, kiasi cha urefu wa chombo mara mbili au tatu, ukimwacha bosi abaki pembeni mwa jicho. Ni vigumu mwanzoni, kwa sababu waliochora samaki hao walitaka watazamwe.

Hata hivyo, iko sababu ya kimashine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Picha ya skrini tatu ina upana wa takribani mara nne ya kimo chake. Ukiionyesha kwenye televisheni ya kisasa yenye uwiano wa 16 kwa 9, picha hujaza upana wote lakini hutumia chini ya nusu ya kimo, ikabaki ukanda mwembamba wenye weusi juu na chini. Kwenye televisheni yenye kimo cha sentimita 60, mchezo mzima unabanwa ndani ya sentimita 27 hivi, na risasi iliyoundwa kuonekana kwenye kabati kubwa inakuwa punje. Mtu aliyeketi kwenye kochi upande wa pili wa chumba hana haki ya kujilaumu kwa kutoiona. Sogeza kiti karibu na skrini, au tumia kifaa kidogo ukishike karibu na uso. Usivute picha kwenda juu ili ijaze kioo, kwani samaki watanenepa, umbali wa wima utakudanganya, na kila ulichojifunza kuhusu kukwepa kitaharibika.

Dalili: chombo hakitii, au kinaacha kufyatua ghafla

Nianze na kisa changu. Kwa wiki nzima niliamini kwamba bosi mmoja alikuwa na uwezo wa kuzima silaha zangu, kwa kuwa kila nilipopanda kuelekea juu kushoto kumkwepa, risasi zilikatika. Nilitunga nadharia nzima juu ya jambo hilo. Chanzo kilikuwa kibodi. Kibodi nyingi za bei nafuu haziwezi kusoma michanganyiko fulani ya vitufe vitatu kwa pamoja. Yangu ilikubali mshale wa juu na wa kushoto, lakini ilikataa kuongezewa kitufe cha nafasi. Samaki hakuwa na hatia yoyote.

Kipimo chake hakichukui dakika mbili. Anza kanda ya kwanza mahali pasipo na maadui, shikilia kitufe cha kufyatua, kisha usukume chombo pande zote nane, moja baada ya nyingine, ukiangalia kama risasi zinakatika upande wowote. Zikikatika, hamishia ufyatuaji kwenye kitufe kingine cha kibodi, hasa vile vya pembeni kama Shift au Ctrl, ambavyo kwa kawaida husomwa bila kugongana na vingine, au tumia joistiki. Na kwa joistiki nako, hakikisha pembe za mshazari zinapatikana bila kusukuma kwa nguvu. Fimbo iliyolegea hukupa juu tupu pale ulipotaka juu na nyuma, na kwa mabosi wenye risasi za kutapakaa tofauti hiyo ni kifo.

Tatizo la kuchelewa ni jingine. Mchezo huchora picha takribani 60 kwa sekunde, yaani fremu moja kwa kila milisekunde 16.7 hivi. Televisheni inayosafisha na kupamba picha kabla ya kuionyesha inaweza kuongeza ucheleweshaji wa fremu kadhaa, na fremu kadhaa zinatosha kugeuza mkwepo mzuri kuwa kifo chenye dhuluma. Washa hali ya mchezo kwenye televisheni, zima mapambo yote ya picha, na ukiweza tumia kidhibiti cha waya badala ya kile kisicho na waya. Ikiwa unatumia emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, jaribu pia kuzima ulinganishaji wa picha na skrini (V-Sync), kisha upime: bonyeza mwelekeo kwa mguso mfupi na uone kama chombo kinaondoka pamoja na kidole au baada yake. Ucheleweshaji wa namna hii hauonekani ndani ya kanda, ambako maadui huja kwa mpangilio unaokaririka; unaonekana kwa bosi, ambako unalazimika kuitikia ulichokiona sasa hivi. Ndiyo maana lawama huishia kwake.

Ufyatuaji wa haraka unaoendeshwa na mashine nao unahitaji kauli. Wapo wanaouona kuwa ni udanganyifu. Mimi naona kwamba kidole kinachouma hakimfundishi mtu kukwepa, na kwa anayejifunza ningemshauri auwashe. Akumbuke tu kwamba kikomo cha risasi kilichoelezwa hapo juu hakiondolewi na kasi ya kitufe: akiwa mbali, atafyatua mfululizo wa haraka kisha kimya, haraka kisha kimya.

Dalili: ulikuwa na nguvu, ukafa mara moja, na tangu hapo huinuki

Katika Darius ya kwanza kifo hakikunyang'anyi kila kitu: hurudi mwanzo wa aina ya silaha uliyokuwa nayo. Aliyefika kwenye wimbi hubaki na wimbi dhaifu, lakini aliyekuwa amebakiza tufe moja kufika kwenye leza hurudi kwenye kombora la mwanzo kabisa, na safari nzima ya matufe inaanza upya. Hapa ndipo unapoona kwamba vifo havilingani thamani. Kufa ukiwa umetoka tu kuvuka ngazi hakugharimu sana. Kufa ukiwa ukingoni mwa ngazi kunagharimu kanda nzima.

Tumia hesabu hiyo wakati wa kucheza. Ukiwa umekaribia kuvuka, usijitie katika hatari yoyote isiyo ya tufe jekundu. Ukiwa umeshavuka, unaweza kuthubutu zaidi kumkaribia bosi. Na ukifa mbele ya bosi ukabaki na kombora la mwanzo, mpango wa awali umekufa pamoja na chombo: usijaribu kummaliza upesi kama ulivyokusudia, bali kaa katika mashambulio yale tu unayoyajua, piga katika nafasi zilizo salama kabisa, na ukubali kwamba pambano litakuwa refu.

Dalili: wa mwanzo unawashinda, wa mwisho wanakulaza kila mara

Baada ya kila bosi njia hugawanyika juu na chini, na ramani ya mchezo ina kanda 28 ingawa safari moja hupita 7 tu. Watu husahau kwamba mgawanyiko huo ni dawa. Ukikwama kwa bosi mmoja kwa siku nyingi, pita njia nyingine na umwone mwenzake. Ugumu wa kanda na wa mabosi haufanani, na si aibu kuchagua njia unayoiweza hadi mkono ukomae.

Miongoni mwa mabosi wa mwisho yumo Great Thing, mwenye umbo la nyangumi, ambaye kwa kweli si samaki lakini hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kumweleza hivyo. Mwili wake umejaa mizinga. Kosa la kawaida ni kutafuta moyo wa manowari tangu mwanzo huku mizinga yote ikiwa hai, mchezaji akikwepa risasi kutoka pande tano kwa wakati mmoja. Punguza kwanza vyanzo vya risasi. Chagua upande mmoja, wa juu au wa chini, uvunje kinachovunjika upande huo, na ujitengenezee pembe ambayo haipigwi sana. Kila mzinga unaokufa hupunguza idadi ya vitu ambavyo jicho linapaswa kufuatilia, na mwishoni mwa pambano, mkono ukiwa umechoka, hilo lina thamani kuliko uharibifu ambao ungeufanya mapema.

Ikiwa unacheza Darius Gaiden

Toleo hili la mwaka 1994 linatumia skrini moja, kwa hiyo maelezo ya ukanda mwembamba hayalihusu, na kitufe kimoja hutoa risasi na mabomu ya kawaida kwa pamoja. Kitufe cha pili ni bomu la shimo jeusi, linalomeza maadui wadogo na risasi zao. Dalili yake maarufu ni kufa ukiwa na mabomu hayo ghalani. Chanzo ni ubahili: mchezaji huyaweka kwa ajili ya shida kubwa, na shida kubwa ikija huja kwa kasi kuliko kidole. Panga mapema shambulio gani la bosi gani utalijibu kwa bomu, na ulitupe linapoanza, kabla hujazingirwa.

Bosi wake wa kwanza, Golden Ogre, ni yule samaki wa kina kirefu mwenye mdomo mpana na meno marefu. Ukiona unapoteza chombo kwake mara kwa mara, rekodi pambano na ulitazame kwa nusu ya kasi, bila sauti, ukisimamisha picha sekunde mbili kabla ya kila kifo. Usitazame risasi iliyokuua. Tazama chombo chako kilikuwa kinaelekea wapi wakati huo. Mara nyingi utakikuta kinayafuata yale meno.